Anwani ya IP haimtaji mtu wala nyumba yake

Fundi yeyote wa mitandao anayefanya kazi Mwanjelwa, hapa Mbeya, analifahamu ombi hili. Mteja anaingia na simu mkononi, anaeleza kwamba ametukanwa au ametapeliwa kwa WhatsApp, kisha anasema: “Fundi, wewe toa tu IP yake utuambie anakaa wapi.” Analisema kwa utulivu wa mtu anayeomba kutolewa kopi ya cheti, na fundi anayekataa huonekana ama hajui kazi ama anatafuta kuongezewa hela. Dhana iliyo nyuma ya ombi hilo ni kwamba anwani ya IP, yaani namba ambayo kifaa hutumia kutuma na kupokea data kwenye intaneti, ni kitambulisho cha mtu chenye ramani ya kwake ndani. Dhana hiyo si sahihi hata kidogo, na kwa kuwa wapo wanaoondoka dukani wakiwa tayari kumtuhumu jirani, nitaieleza kwa kirefu.

Kwanza, anwani yenyewe mteja hana. Ujumbe wa WhatsApp hautoki kwa mtumaji ukaenda moja kwa moja kwa mpokeaji. Hupitia seva za kampuni, yaani kompyuta zake zinazohudumia watumiaji, na simu inayopokea haioni zaidi ya anwani ya seva hizo. Simu za sauti na video ndizo zinazoweza kuunganisha vifaa viwili bila kupitia katikati, na hata huko, tangu 2023, upo mpangilio wa kuificha anwani wakati wa kupiga simu, ambao ningependa kila mtu auwashe leo.

Pili, tuchukue kwamba anwani imepatikana. Anwani za IPv4, toleo la zamani la IP ambalo bado linatumika sana, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na mafungu ya mwisho yaliyokuwa hayajagawiwa kwa mashirika ya kanda yalimalizwa Februari 2011. Kwa sababu hiyo watoa huduma, hasa wa simu za mkononi, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Anayetaka kuona jambo hili kwa macho yake afungue ukurasa wa hali ya ruta yake (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani) na kutazama anwani ya upande wa intaneti: ikiwa inaanzia kati ya 100.64 na 100.127, hilo ni fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo ya kuchangia anwani. Kisha aingie kwenye tovuti yoyote inayoonyesha IP ya mtu. Ataona namba nyingine kabisa. Namba hiyo ya pili ndiyo dunia inayoiona, na kwa dakika hiyohiyo inaweza kuwa inatumiwa na mwanafunzi wa Iringa, mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga na mkulima wa viazi wa Uyole. Ni kama sanduku la posta la shule: barua zote zina S.L.P. moja, na namba hiyo haikwambii mwandishi ni mwalimu, mpishi au mwanafunzi wa kidato cha pili.

Ramani nazo zimewapotosha wengi. Tovuti zinazoonyesha nukta nyekundu hazipimi chochote. Zinasoma hifadhidata inayokisia mahali kutokana na kumbukumbu za usajili na dalili nyingine za mtandao. Fungu la anwani ambalo AFRINIC ya Mauritius, shirika linalogawa anwani za IP Afrika, imelisajili kwa kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam laweza kuonyeshwa kuwa liko Dar es Salaam, ingawa mtumiaji ameketi Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Nchini Marekani kampuni ya MaxMind, inayotengeneza hifadhidata za aina hiyo, ilipokuwa haijui anwani iko wapi zaidi ya kwamba imo nchini humo, iliweka nukta karibu na katikati ya nchi, na nukta hiyo ikaangukia shamba moja la Kansas. Habari ilipotoka mwaka 2016, anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimeelekezwa hapo, na wenyeji wa shamba walikuwa wamesumbuliwa miaka mingi na askari na watu wenye hasira waliokuja kutafuta wezi.

Anayeweza kumfikia mteja kwa njia ya IP ni mtoa huduma mwenye kumbukumbu, naye anahitaji anwani ya nje, namba ya poti (inayotofautisha miunganisho inayochangia anwani moja) na wakati kamili. Wakati huo nao una mtego, kwani seva nyingi huandika saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu: tukio la saa mbili usiku hapa kwetu huonekana kama saa 17:00. Kumbukumbu hizo hazitolewi kwa fundi. Huombwa na vyombo vya dola kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hata zikitolewa humtaja aliyesajili laini, si lazima aliyeishika simu. Kwa hiyo usifute ujumbe, andika namba na saa, nenda polisi upate RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Kama ni simu iliyoibwa, achana na IP kabisa, peleka IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, iliyoandikwa kwenye boksi.

Mengine ni mepesi. Kufungua dirisha la siri kwenye kivinjari hakufichi IP; huzuia tu historia kubaki kwenye kifaa chako. VPN, huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, huibadilisha anwani inayoonekana, lakini humpa mwenye VPN nafasi ya kuona unakokwenda, na zile za bure siziamini.

IP ya kudumu, yaani isiyobadilika, haiongezi kasi. Inamfaa mwenye seva, au mwenye kamera anayetaka kuzifikia moja kwa moja akiwa mbali, na huyo aanze kwa kubadilisha nywila iliyotoka kiwandani.

Ujumbe wa kugongana kwa IP nao si virusi, na hauhitaji kupiga Windows upya kama wengine wanavyotozwa. Vifaa viwili vimepata anwani moja, mara nyingi kwa sababu mtu ameiandika kwa mkono kwenye printa ndani ya fungu ambalo ruta inagawa yenyewe, au amechomeka ruta ya pili nayo ikaanza kugawa. Iache printa ipewe anwani na ruta, kisha uitengee anwani hiyo humohumo kwenye ruta kwa kutumia namba yake ya MAC, ile ambayo printa hupewa kiwandani.