Hifadhi ya kitaifa si mbuga ya kitaifa: nani hasa husimamia Maasai Mara

Nyumbu wakianza kuvuka Mto Mara, lawama nazo huvuka. KWS, yaani Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la serikali kuu, wamepandisha ada. KWS wameacha magari yazibe vivuko. KWS wanakula pesa za watalii. Ilhali ada inayolipwa katika lango la Sekenani, la kuingilia Maasai Mara, haiendi kwa KWS. Inaenda kwa Kaunti ya Narok.

Maana yenyewe ni fupi. Mbuga ya kitaifa ni eneo la uhifadhi lililo chini ya serikali kuu, linaendeshwa na KWS, na mifugo hairuhusiwi humo. Hifadhi ya kitaifa nayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi vilevile, ila masharti ya matumizi ya ardhi yanaweza kulegezwa, na mara nyingi msimamizi wake wa kila siku ni serikali ya kaunti. Tsavo, Nakuru na Aberdare ni mbuga. Maasai Mara ni hifadhi.

Kinachowapotosha wengi ni hilo neno "kitaifa". Mtu akiliona anadhani Nairobi ndiyo inayoendesha mambo, kumbe linaeleza hadhi ya eneo tu, halimtaji msimamizi. Hifadhi ya Samburu iko mikononi mwa Kaunti ya Samburu, Buffalo Springs na Shaba ziko kwa Kaunti ya Isiolo, Ziwa Bogoria liko kwa Baringo. Halafu Shimba Hills kule Kwale ni hifadhi ya kitaifa pia, lakini huendeshwa na KWS. Ukivuka mpaka mambo yanazidi kuchanganyika, maana Watanzania husema Hifadhi ya Taifa ya Serengeti wakimaanisha kile ambacho Kenya ingekiita mbuga, na msimamizi wake ni TANAPA, shirika la serikali kuu. Jina, basi, halitoshi. Uliza nani anakata tiketi.

Mgawanyo huu haukuletwa na katiba ya 2010, ingawa wengi hudhani hivyo. Mara ilianza mwaka 1948 kama eneo dogo la kulinda wanyama, kiasi cha kilomita mraba 520. Mwaka 1961 ikapanuliwa kuelekea mashariki mwa mto na kuwekwa chini ya serikali ya mitaa ya Narok, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya jamii na malisho yalikuwa yao. Hadhi ya hifadhi ya kitaifa ilikuja 1974, na baada ya vipande kurudishiwa wananchi zikabaki kilomita mraba 1,510, ambazo ndizo hizi za leo. Ugatuzi wa 2013 ulichofanya ni kuzipa kaunti kile ambacho mabaraza ya zamani ya serikali za mitaa yalikuwa nacho tayari. Hata ule upande wa magharibi mwa mto, Mara Triangle, ambao tangu 2001 unaendeshwa na shirika lisilo la faida, Mara Conservancy, ulitolewa kwa mkataba na baraza la Trans Mara. Shirika hilo ni mwendeshaji tu, mwenye mamlaka ni kaunti.

Sasa kuna kosa la pili, na hili hutoka hata vinywani mwa wanasiasa: kwamba hifadhi ikiwa ya kaunti, basi na wanyama ni wa kaunti. Hapana. Jedwali la Nne la katiba limeweka ulinzi wa wanyamapori katika orodha ya kazi za serikali kuu. Kaunti zimepewa kutekeleza sera za kitaifa kuhusu maliasili na mazingira, zikitajwa hasa hifadhi ya udongo na maji, pamoja na misitu. (Ndiyo, orodha ya kaunti ina kifungu cha udhibiti na ustawi wa wanyama. Kisome hadi mwisho: kinazungumzia leseni za mbwa na mahali pa kutunza na kuzika wanyama.) Kwa hiyo ndani ya Mara kaunti ina lango, barabara, askari wake wa doria na mapato, lakini twiga aliyenaswa na mtego wa waya hutibiwa na daktari wa KWS, na ngozi ya chui ikikamatwa kesi ni ya sheria ya taifa.

Fidia ya madhara yanayoletwa na wanyamapori ndipo watu huumia zaidi kwa kutojua hili. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka Sh5 milioni kwa kifo, Sh3 milioni kwa ulemavu wa kudumu na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Madai hupitia kamati iliyo katika ngazi ya kaunti, na hapo ndipo watu huanza kumdai gavana, lakini mzigo wa kulipa ni wa serikali kuu. Kwa mazao na mifugo, dai linaweza kukataliwa ikiwa mwenyewe hakuchukua hatua za kawaida za kujilinda, au kama anatumia ardhi kinyume na mpango wa usimamizi wa eneo lile. Zizi bovu linaweza kukupotezea dai.

Ugatuzi wenyewe una nguvu kubwa zaidi nje ya lango, kule ambako kamera za watalii hazifiki. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya nafasi, unaopitiwa upya kila miaka mitano. Mpango huo ukichora ushoroba, yaani njia ya kupitia, wa nyumbu kwenye ramani, afisa anayeidhinisha ugawaji wa shamba ana cha kushika. Usipochora, kila ombi linaamuliwa peke yake, na kila moja likitazamwa peke yake huonekana dogo. Ekari chache hapa, seng'enge pale. Nyumbu wa Loita, ambao huhama ndani ya Kenya na si wale wa Serengeti, wamepungua mno tangu miaka ya 1970, kwanza kwa sababu ya mashamba ya ngano, kisha nyua. Hawakumalizwa na majangili. Konsavansi, yaani maeneo ya uhifadhi kwenye ardhi ya wenyeji, zinazopakana na hifadhi, kama Naboisho na Mara North, zinasimama kwa kodi wanayolipwa wenye ardhi ili wasizungushe uzio. Hizo si za kaunti wala za KWS, ingawa zikizungukwa na ua kodi hiyo haitasaidia kitu.

Tena kuna mto wenyewe. Mto Mara hutoka Msitu wa Mau, na sehemu ya msitu huo, Maasai Mau, ilikuwa amana ya baraza la Narok. Ranchi za vikundi jirani, yaani ardhi iliyomilikiwa na wengi kwa pamoja, zilipogawanywa, mipaka yake ilisogezwa ndani ya msitu na watu wakapewa hatimiliki za mahali palipokuwa na miti. Yaani mamlaka ileile iliyokuwa inakusanya ada kwa ajili ya vivuko vya nyumbu ndiyo iliyoachiwa chanzo cha maji yanayovukwa.

Na hadhi haibadilishwi jukwaani. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba Amboseli, mbuga tangu 1974, ishushwe iwe hifadhi chini ya baraza la Olkejuado (Kajiado). Mahakama ikalibatilisha tangazo hilo kwa kuwa utaratibu wa sheria haukufuatwa. Mjadala haukuishia hapo, lakini njia inajulikana: ushirikishwaji wa umma, tathmini ya mazingira, Bunge, kisha Gazeti Rasmi.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa habari na wewe mwenye simu pale kivukoni: ada, tope la barabara na magari yaliyojazana ni mambo ya Kaunti ya Narok, na ukiwa upande wa Triangle anza na ofisi ya mwendeshaji wake. Mnyama aliyejeruhiwa ni KWS. Jengo linaloota kando ya mto lina milango miwili, kibali cha ujenzi cha kaunti na leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, hivyo barua ziwe mbili, kwa sababu kila ofisi itakuambia ilitegemea nyingine. Na ukiandika kichwa cha habari, andika Hifadhi ya Kitaifa ya Maasai Mara. Herufi ni karibu zilezile, nafasi itatosha.