Kuacha nyama pole pole: usitoe kitoweo kabla hujaweka kingine

Hapa kitengo cha lishe Mtwara hili swali tunaulizwa sana siku hizi, nataka kuacha nyama nianzie wapi. Mwingine presha, mwingine imani yake, mwingine bei ya buchani tu, zote sababu. Shida ni namna watu wanavyoacha. Mtu anaamka Jumatatu katangaza nyumbani hali nyama wala samaki, wiki nzima ugali wa muhogo na matembele, baada ya hapo mwili hauna nguvu anarudi kwenye supu ya pweza anasema majani hayamfai. Sio hayamfai, alitoa kitoweo pale hakuweka kitu.

Muhogo ni wanga, protini yake kiduchu mno, kwahiyo kama ugali wako ndo huo basi jamii ya kunde iwepo kila siku. Na huku kusini ndo kwenyewe: mbaazi, choroko, kunde, njugu mawe, na nje ya kunde kuna korosho na ufuta wa Lindi, tunalima halafu tunapeleka mnadani zote tunabaki kutafuta hela ya nyama! Gramu 100 za mbaazi kavu zina protini gramu 20 na ushee, ila zikichemka zinanywa maji, kwahiyo bakuli lijae, sio vijiko viwili pembeni ya wali.

Anza na asubuhi tu, badala ya supu kula chapati na mbaazi za nazi. Ukishazoea weka siku mbili za wiki bila nyama, kisha ongeza taratibu, samaki na mayai yawe ya mwisho na ukiamua kubaki nayo hakuna atakayekudai. Gesi tumboni mwanzoni ni kawaida, utumbo unazoea, we loweka usiku kucha, maji yale mwaga, chemsha na mapya. Kisamvu kitwangwe na kichemke haswa maana kibichi kina sumu.

Madini chuma ya kwenye mimea mwili unayanyonya kwa shida, kamulia limau au kula embe, chungwa hapo hapo, na chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya kula.

Sasa vitamini B12, hapa ndo wengi wanapigwa. Kwenye mimea haipo. Mayai na maziwa vinayo, ukiacha na hivyo unahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa, hakuna njia ya mkato. Ini linatunza akiba ya hata miaka kadhaa, kwahiyo mtu anajiona yuko fiti kumbe akiba inaisha, anakuja kushtuka damu imepungua na miguu inakufa ganzi.

Kingine ambacho watu wa pwani hawakifikirii ni chumvi. Samaki wa baharini walikuwa wanakupa madini joto, ukiwaacha halafu unatumia ile chumvi ya kupimiwa isiyowekwa madini joto unajitafutia rovu (uvimbe wa shingoni), nunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto.

Mtoto chini ya miaka 2 tafadhali msimwingize kwenye huu mpango, yai, maziwa, dagaa wa kusaga aendelee navyo. Mama mjamzito ambaye tayari hali nyama asifiche, aje kliniki atuambie, tutampima damu, na vidonge vya FEFO (vya kuongeza damu, vyenye madini chuma na folic acid) ameze kama kawaida.