Nyoka alisamehewa, panya hakusamehewa

Kazi yangu hapa Kigoma ni ushauri nasaha, na wengi wanaonijia wamevunjiwa ahadi: ndugu waliogombea shamba, wenzi wa mtumbwi mmoja, wachumba. Ndiyo maana yale mashindano ya kuwafungia watu jumbani wakatoana kwa kura siwezi kuyatazama kama burudani tu.

Juzi nilikuwa Kibirizi kwa mama mmoja muuza dagaa, runinga iko juu ya friji. Mshiriki akampigia rafiki yake kura ya kumtoa. Mama akaacha kupima, kopo likabaki hewani.

"Mshenzi! Si jana tu walikula sahani moja?"

"Mama, huo ni mchezo tu."

Akanigeukia. "Na mimi nacheza mchezo, mwanangu. Tuko wanawake kumi na wawili, kila Jumatatu. Mbona hatulizani?"

Hapo alinibana. Kwenye mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, anayepokea wa kwanza ndiye mwenye kishawishi kikubwa cha kuingia mitini. Hakimbii, kwa sababu mzunguko ukiisha unaanza mwingine, na kijumbe anaijua nyumba yake. Jumbani mzunguko ni mmoja, siku ya mwisho inajulikana, na mshindi ni mmoja. Mwaka 2014, Idris Sultan alipoondoka na dola 300,000 za shindano la jumbani la Big Brother Africa, hakuna mwenzake aliyebaki akingoja zamu yake. Kadiri mwisho unavyokaribia, ndivyo ahadi inavyopungua uzito.

Hiyo inaeleza kwa nini wanageukana. Haielezi kwa nini inauma hivyo, na hapa ndipo nampenda Sue Hawk, mshiriki wa Survivor ya kwanza ya Marekani, mwaka 2000, shindano la runinga ambapo watu waliishi kisiwani na kutoana kwa kura. Kule waliotolewa karibu na mwisho ndio wanaomchagua mshindi, kwa hiyo unayemkata leo kesho ni hakimu wako. (Big Brother Africa mwamuzi alikuwa mtazamaji, hesabu nyingine kabisa.) Mwishoni walibaki Richard Hatch na Kelly Wiglesworth, na wote wawili walikuwa wamempigia Sue kura ya kumtoa. Sue akasimama, akamwita Richard nyoka na Kelly panya. Kisha kura yake akampa nyoka. Richard akashinda kwa 4 dhidi ya 3.

Kosa ni lile lile, ila Richard tangu mwanzo hakuficha kwamba anapanga safu ya ushindi, na Sue alijua amekaa na nani. Kelly alikuwa rafiki yake wa karibu. Ofisini kwangu naona hivyo hivyo: mtu anasimulia shilingi alizodhulumiwa kwa utulivu kabisa, halafu sauti inakatika akifika kwenye, "na alikuwa analala kwangu."

Nikamsimulia mama kisa cha Sue. Akauliza jambo moja tu: huko kisiwani nani alikuwa anawavulia samaki?

"Huyo huyo nyoka."

"Eeeh," akasema, akajaza kopo.