Picha ya mtu isiyo na uso

Katika makumbusho ya Art Institute of Chicago kuna kazi ya sanaa ambayo ni lundo la pipi lililomwagwa kwenye kona ya chumba. Ni pipi za dukani, zimefungwa kwa karatasi za rangi zinazong'aa. Mgeni anaruhusiwa kuokota moja, aimenye palepale au aitie mfukoni aende nayo nyumbani, jambo ambalo kwenye makumbusho mengine lingemletea mlinzi mbio. Jina la kazi hiyo linasema kwamba hii ni picha ya Ross akiwa Los Angeles.

Hapo ndipo ilipo dhana yenyewe: kumwonyesha mtu kwa vitu. Msanii hachori uso wala hapigi picha. Anachukua vitu vya kawaida, anaviwekea masharti, na vitu hivyo vinashika nafasi ya mtu, au ya uhusiano wa watu wawili. Masharti ndiyo yanayobeba kazi. Pipi bila masharti ni pipi tu.

Aliyeweka masharti haya ni Felix Gonzalez-Torres, aliyezaliwa Cuba mwaka 1957, akapitia Puerto Rico na kuhamia New York mwaka 1979. Alikuwa mwanamume aliyempenda mwanamume mwenzake, Ross Laycock, na Ross alifariki kwa UKIMWI mwaka 1991. Lundo la pipi ni la mwaka huohuo. Maelekezo ya kazi yanataja uzito unaofaa kuwa pauni 175, yaani kilo 79 hivi, na wengi wanausoma kama uzito wa Ross alipokuwa mzima. Wageni wanavyookota, lundo linapungua, kama mwili ulivyopungua kitandani. Lakini masharti yanaruhusu lundo kujazwa tena, na kwa hiyo mtu huyu anaisha na bado hamaliziki. Kuna wanaokula pipi ile wakakumbuka komunyo kanisani, na kuna wanaojisikia vibaya, kana kwamba wamechangia kummaliza marehemu. Binafsi naona hisia zote mbili ni halali, na kazi ingekuwa dhaifu kama ingetubakizia moja tu.

Kazi yake nyingine ni rahisi zaidi, tena inauma zaidi. Ni saa mbili za ukutani, za aina inayoning'inizwa ofisini au darasani, zikiwa bega kwa bega hadi zinagusana. Zinaanza zikiwa zimetegwa sawasawa, sekunde kwa sekunde. Betri zinavyochoka, moja inabaki nyuma. Aliziita wapenzi waliokamilika. Mwaka 1988, Ross akiwa hai, Felix alimwandikia barua yenye mchoro wa saa mbili akimwambia asiziogope. Ukishajua hilo, huwezi tena kuzitazama kama vyombo vya kuonyesha saa. Na tazama zilivyo sawa: hakuna ya kike wala ya kiume, hakuna ya mkubwa wala ya mdogo. Ni ndugu pacha wa kiwandani.

Mbona hakuonyesha wanaume wawili waziwazi? Sababu moja ni siasa za Marekani wakati ule. Mwaka 1989 nyumba ya sanaa ya Corcoran mjini Washington ilifuta maonyesho ya Robert Mapplethorpe, mpiga picha ambaye baadhi ya picha zake zilionyesha wanaume uchi na mapenzi yao, kwa kuhofia wanasiasa, na seneta Jesse Helms alikuwa mstari wa mbele kutaka fedha za umma zisiguse sanaa ya namna hiyo. Picha ya miili ingempa Helms kitu cha kupunga bungeni. Saa mbili angezipungaje? Gonzalez-Torres mwenyewe aliwahi kueleza kwamba saa hizo ziliwasumbua wakubwa kuliko picha ya wazi, kwa kuwa hazikuwapa silaha.

Mwaka 1992 alikwenda mbali zaidi. Picha ya kitanda kitupu, mito miwili bado ina mabonyeo ya vichwa, ilibandikwa kwenye mabango 24 jijini New York, mahali ambapo watu walizoea matangazo ya biashara. Hakukuwa na maandishi. Miaka sita kabla yake, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba jimbo linaweza kumshtaki mwanamume kwa anachofanya na mwanamume mwenzake chumbani mwake. Basi kama kitanda kimeshakuwa mali ya umma mahakamani, yeye alikitoa barabarani kila mtu akione.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Vitu vya Gonzalez-Torres havikuwa vya Ross. Vilitoka dukani, na maana vilipewa. Ipo njia nyingine inayotumia vitu vya marehemu mwenyewe: mwaka 1987 lilitandazwa Washington blanketi kubwa la kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, kila kipande kikiwa na ukubwa wa kaburi, na ndugu na wapenzi walishonea humo mashati, suruali za jinzi, barua na vikaragosi. Uganda nako, katika miaka ya 1990, akina mama wa shirika la NACWOLA walioishi na virusi waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, wakaweka picha na habari za ukoo. Huko nguvu inatoka kwenye kugusa: shati hili alilivaa, mwandiko huu ni wake. Ni kama kanga ya mama iliyofungiwa sandukuni, ambayo haibadilishwi na nyingine hata ikiwa na jina lilelile. Kwa pipi ni kinyume. Kila moja inabadilishika, iliyoliwa leo kesho inanunuliwa nyingine, na bado ni Ross yuleyule.

Njia hii ya pipi ina udhaifu wake. Kwa kuwa uso haupo, mtu anakaa ndani ya maneno machache ya pembeni. Gonzalez-Torres alilijua hilo na alilichezea: karibu kazi zake zote alizipa jina la kusema hazina jina, kisha akatia dokezo kwenye mabano, mtazamaji ajitafutie. Mwaka 2022 wageni wa Chicago waligundua kwamba kibandiko kilicho kando ya pipi kilikuwa kinazungumzia uzito wa lundo bila kumtaja Ross kama mpenzi wake wala UKIMWI. Malalamiko yakaenea mtandaoni, kwamba mtu amefutwa kwenye picha yake mwenyewe ilhali hakuna aliyegusa pipi hata moja. Makumbusho yakakiandika upya, Ross na ugonjwa wake wakarudi ukutani.