"Lakini alijua jina langu": simu za matapeli na imani zinazotuponza Lubumbashi

Nina kabine upande wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Natuma na kutoa pesa, nauza yunite (salio la kupigia simu), na natengeneza simu zilizoanguka majini. Kwa hiyo waliopigiwa na matapeli huishia kwangu, mara nyingi pesa zikiwa zimeshaondoka. Awe mama wa Katuba au mwalimu wa Kamalondo, kinachofuata salamu ni kile kile: "Lakini alijua jina langu. Aliniita mpaka jina la baba. Huyo si mtu wa kampuni kweli?"

Hapana, Mama. Si mtu wa kampuni. Nimeeleza kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa wacha niandike.

Jina lako si siri, na anayelitaka hahitaji kuwa fundi wa kompyuta. Chukua simu yako sasa hivi. Ingia kwenye menyu ya pesa, chagua kutuma, andika namba ya jirani, kisha andika franka 500. Kabla hujafika kwenye namba ya siri, kwa kawaida skrini inakuuliza: unataka kumtumia fulani? Jina ndilo hilo, lote, kama lilivyo kwenye kadi aliyosajilia SIM. Futa, toka. Hakuna franka hata moja iliyoondoka. Jina linaonyeshwa kwa nia njema, ili usitume pesa kwa namba uliyoikosea. Tapeli naye anaketi na daftari, anaanza na namba moja ya 081 au 099, anabadilisha tarakimu ya mwisho, anaandika jina, anakwenda inayofuata. Mchana ukifika ana watu wa kuwapigia, kila mmoja na jina lake, na wote watashangaa amelijuaje.

Na hapo bado hatujagusa vyanzo vingine. Kabine nyingi zina daftari la wateja: namba, jina, kiasi, sahihi. Linakaa wazi mezani, na anayesubiri nyuma yako ana macho. (Langu nalifunika kwa kipande cha katoni, wapo wateja wanaonicheka.) Fotokopi ya kadi ya uchaguzi umeiacha kwa kijana aliyekuuzia SIM barabarani, ukaiacha tena ulipoomba kazi. Programu kama Truecaller hukusanya majina kutoka kwa watumiaji wenyewe, kwa hiyo kama kuna aliyekuhifadhi kama "Mama Farmasi Ruashi", tapeli anaweza kukuita hivyo hivyo, nawe ukadhani mnajuana. Facebook sitaji sana. Mtu anaandika siku ya ubatizo wa mtoto, jina la parokia na picha ya nyumba, halafu anashangaa mgeni anapomuuliza habari za mtoto.

Kwa hiyo, jina linathibitisha kwamba anayepiga anajua kusoma. Basi.

Ninachokasirikia zaidi ni kwamba, mtu akishaamini jina, anaamini na kila kinachofuata. Na kinachofuata karibu siku zote ni hiki: "Mama, konti yenu inafungwa leo saa sita. Tunawatumia kode, mutusomee ile kode." Kode inaingia kweli. Inatoka kweli kwa kampuni, au kwa WhatsApp, ambayo kode yake ni tarakimu sita. Mteja ananionyesha ujumbe kwa ushindi: "Ona, ni wao walioandika!" Ndiyo, ni wao. Wameandika kwa sababu dakika hiyo tapeli anajaribu kuifungua konti yako kwenye simu yake, na mashine imekuuliza wewe mwenye konti kama unakubali. Ujumbe ni wa kweli, anayeuomba ndiye mwongo. Ukimsomea, umemfungulia mlango kwa mkono wako. Mara nyingi ujumbe wenyewe umeandikwa kwa Kifaransa: usimpe mtu yeyote kode hii. Ujumbe huo huo mtu anamsomea tapeli pamoja na onyo lake, neno kwa neno.

Kuna njia ya pili, mbaya zaidi kwa sababu hakuna kode ya kusoma. Unaambiwa umeshinda promosheni, au umetumiwa msaada, na dakika moja baadaye skrini yako inafunguka yenyewe na kukuomba namba ya siri "ili kuhakikisha". Soma maneno yaliyo juu ya kile kisanduku kabla ya kubonyeza. Yanasema unalipa, si unapokea. Kupokea pesa kwenye simu hakudai namba ya siri. Wewe mwenyewe umepokea mara ngapi ukiwa kanisani, simu ikiwa mfukoni? Pesa iliingia bila kukuuliza kitu.

Dawa yangu watu hawaipendi: kata simu. Usimalize sentensi, usiage. Najua kwetu kumkatia mtu simu ni utovu wa adabu, hasa anapokuita Mama na kukuulizia afya, na matapeli wanajua hilo kuliko mimi. Heshima yako ndiyo kazi yao. Kata, kisha ukitaka kuhakikisha, piga mwenyewe namba ya huduma ya wateja unayoijua. Usipige ile aliyokupa yeye, wala ile iliyobaki kwenye orodha ya simu zilizoingia, kwa maana namba inayoonekana kwenye skrini inaweza kughushiwa. Na simu inayoachwa juu ya meza nyumbani, ambayo mtoto wa miaka tisa anakimbilia kuipokea, mpe mtoto huyo jibu moja tu: "Mama hayuko, piga baadaye." Asisome chochote kilichoandikwa kwenye simu, hata kama anayepiga anajiita mjomba.

Mengine ninayoambiwa na wateja nitayapitia haraka, maana hayanichoshi kiasi hicho.

"Walinipiratea simu, wakaingia ndani yake." Kila wiki ninaombwa kusafisha simu iliyo safi. Mtu amesoma kode kwa mdomo wake, kisha anataka nimfute virusi, na yuko tayari hata kununua simu mpya. Kupokea simu na kusema "alo" hakutoi pesa kwenye konti yako. Ile hadithi ya namba nyekundu zinazoua anayepokea ni ya zamani: ilizunguka Nigeria mwaka 2004 na nchi nyingine baada ya hapo, na hakuna aliyekufa kwa kupokea. Vivyo hivyo ujumbe unaosema ukibonyeza #90 tapeli anaiteka SIM yako. Huo umetoka Marekani miaka ya 1990, ulihusu baadhi ya mitambo ya simu za ofisi, na simu ya mkononi haihusiki hata kidogo. Usiusambaze kwenye grupu la kwaya.

"Bonyeza *#21# utajua kama unasikilizwa." Kode hiyo inaonyesha jambo moja tu: kama simu zako zinaelekezwa kwa namba nyingine. Watu wanajaribu pia *#62#, wanaona namba wasiyoijua, wanakuja kwangu wakitetemeka. Mara nyingi ni namba ya sanduku la sauti la mtandao wenyewe. Cha kuogopa ni upande wa pili. Ukiambiwa na mtu kwenye simu ubonyeze *21* ikifuatwa na namba fulani na #, utakuwa umemwelekezea simu zako zote, pamoja na zile zinazokusomea kode kwa sauti. Ikiwa umeshafanya hivyo, bonyeza ##002# na uelekezaji wote unafutwa.

"Alinitumia pesa kwa makosa, ni dhambi kukaa nayo." Sauti ya huruma, mtoto iko ku lopitali, umurudishie Mama, tafazali. Kwanza, mara nyingi hakuna pesa. Kuna ujumbe tu, na hata jina la mtumaji wa ujumbe linaweza kughushiwa mpaka likaingia katika mazungumzo yale yale ya ujumbe wa kweli. Angalia salio ndani ya menyu, na uangalie konti sahihi: ujumbe ukisema dola 50, tazama konti ya dola, si ya franka. Nimeona mtu akiridhika kwa sababu alikuta franka zake nyingi akadhani ndizo. Na ikitokea pesa imeingia kweli, usiirudishe wewe. Mwambie aende kwa kampuni, wao ndio wanaorudisha muamala. Aliyekosea kweli ataenda. Tapeli ataanza kukutukana.

"Namba ya nje imenibip, labda ni ndugu yangu." Labda. Lubumbashi ina ndugu Ndola na Kitwe, kwa hiyo +260 ya Zambia si ya kuogopa, na kule mpakani Kasumbalesa simu yako inaweza kushika mtandao wa Zambia bila kukuuliza, hapo hata kupokea kunaweza kukukata yunite. Ila namba ya nchi usiyo na mtu, tuseme +371 ya Latvia, iliyolia mara moja na kukatika usiku, inangoja wewe urudishe. Gharama iko kwenye kurudisha, na sehemu yake inamwendea aliyekubip. Ndugu wa kweli ataandika WhatsApp.

"Yunite zangu zinaibwa kila siku." Mara nyingi haziibwi, umejiandikisha. Sauti iliyorekodiwa ilikupigia jioni, ikasema bonyeza 1 upate wimbo, habari za mpira au horoskopu, ukabonyeza ili inyamaze. Tangu siku hiyo unakatwa kidogo kidogo. Piga huduma ya wateja, uombe wakuondoe kwenye huduma zote za kulipia. Hii ni biashara halali, ya kuudhi lakini halali, na kuichanganya na wizi kunawafanya watu wapigane na adui asiye wao.

"Mgodi wa Kolwezi umenichagua, ninadaiwa dola 30 za vipimo vya daktari." Kijana wangu, uliomba lini? Kazi inayoanza kwa wewe kulipa si kazi.

"Dada yangu wa Ufaransa anasema kuna orodha ya kujiandikisha wasikupigie." Kwao imekuwapo. Ufaransa ilianzisha Bloctel mwaka 2016, na Marekani ina orodha yake tangu 2003. Ni za namba za kule, si za +243 ya Kongo, na hata kule zinawazuia wauzaji wanaotii sheria. Mwizi hasomi orodha. Kuhusu kublokea namba, blokea, hakuna ubaya, lakini tapeli ana SIM nyingine mfukoni. Na usimpotezee muda kwa kumchekesha. Unamwambia tu kwamba namba hii ina mtu, na mtu huyo anazungumza.

"Hakuna sheria, tuache." Sheria ipo. Ile Code du numérique, sheria ya Kongo ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu makosa yanayofanywa kwa njia hizi. Lakini kabla ya polisi, piga kampuni, dakika hiyo hiyo, maana pesa ambayo bado haijatolewa inaweza kuzuiwa na iliyotolewa haizuiliki. Usifute ujumbe kwa hasira. Andika namba ya muamala, saa, na namba iliyokupigia, uende navyo. Kwangu usije kuniomba nitafute tapeli aliko. Nina chombo cha kukausha simu, sina cha kuwinda watu. Namba iko wapi inajulikana kwa kampuni, na kampuni inaisema inapoombwa na sheria. Na atakayekupigia kesho yake akisema anaweza kukurudishia pesa yote kwa dola 20 ni yule yule wa jana, au rafiki yake.