Maudhui ya ndani: treni ikiitwa ya nyumbani, ni ya nyumbani kwa kiasi gani?

Ukisikia serikali imeagiza treni zake mpya ziwe na "maudhui ya ndani" ya asilimia 65, usidhani kuna mtu amekaa na kuhesabu nati na bolti. Kinachohesabiwa ni fedha. Jina lenyewe linapotosha kidogo, kwa kuwa maudhui tumezoea kuyatafuta kwenye hadithi na mashairi. Tanzania, kwenye madini na mafuta, tunasema "ushirikishwaji wa wazawa", jina linalomtanguliza mtu. Kwa upande wa treni, swali ni hili: katika bei iliyolipwa, kiasi gani kimebaki nchini?

Afrika Kusini wanayo kanuni ya kulijibu. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 serikali yao iliingiza vyombo vya reli katika orodha ya bidhaa ambazo taasisi za umma hazikuruhusiwa kununua bila kufikia kiwango cha chini cha maudhui ya ndani. Treni za umeme za abiria ziliwekewa asilimia 65, vichwa vya treni vya umeme 60, vya dizeli 55. Mabehewa ya mizigo yalipewa 80, nayo inaeleweka: behewa la mizigo ni chuma, magurudumu na breki, wakati kichwa cha treni kimejaa mitambo ambayo nchi chache duniani zinaitengeneza.

Hesabu yake ni fupi. Unachukua bei ya zabuni bila VAT, unatoa gharama ya kila kilichoagizwa nje, kisha unatazama kilichobaki ni asilimia ngapi ya bei ile. Tuseme behewa limeuzwa randi milioni 20, na ndani yake mna vitu vya milioni 7 kutoka nje. Zimebaki milioni 13, yaani asilimia 65.

Ugumu uko kwenye neno "kilichoagizwa". Mzabuni mjanja anaweza kununua breki za Ulaya kutoka duka la Durban, kisha akaonyesha risiti ya Durban. Kanuni imemziba njia: kitu kilichotoka nje kinabaki cha nje hata kama kimeletwa na mkandarasi mdogo, tena kinahesabiwa pamoja na nauli ya meli na ushuru wa bandarini.

Sasa twende Nigel, mji mdogo mashariki ya Johannesburg. Kampuni ya Union Carriage & Wagon ilianza kazi huko mwaka 1957, na ndiyo iliyounda zile treni za abiria ambazo vizazi vya wafanyakazi walipanda kutoka Soweto kwenda mjini alfajiri. Miaka mingi ilipita serikali ikiacha kuagiza treni mpya za kutosha. Gautrain, treni ya kasi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2010, ilipohitaji mabehewa 96, 15 yaliundwa Derby, Uingereza, na 81 yakaja vipande vipande kuunganishwa na mafundi wa Nigel. Kuunganisha ni kazi halali na inalisha familia, siidharau. Lakini anayeunganisha hufunga alichochorewa na mwingine, na sehemu kubwa ya fedha inakuwa imeshabaki kiwandani vipande vilikotoka.

Mradi uliofuata ulilenga mbali zaidi. Mwaka 2013 shirika la reli ya abiria, PRASA, lilisaini mkataba wa randi bilioni 51 na Gibela, kampuni ya Alstom ya Ufaransa na wabia wa Afrika Kusini. (Kwa Kizulu "gibela" ni kupanda chombo.) Treni 600 za mabehewa sita sita, jumla mabehewa 3,600. Treni 20 za mwanzo ziliundwa Brazili ili kupata muda wa kujenga kiwanda na kufundisha watu. Kiwanda kiliwekwa Dunnottar, jirani kabisa na Nigel, na Rais Ramaphosa alikizindua Oktoba 2018.

Kilichowezesha hayo ni idadi. Hakuna mwekezaji atakayenunua mashine za kuchomelea bodi za chuma kisichoshika kutu, wala mfanyabiashara wa viti, vioo au nyaya atakayefungua karakana pembeni yake, kwa ajili ya oda ya treni kumi. Kwa 600 wanakuja. Na ajira nyingi ziko kwa hao wa pembeni, ambao kwenye picha za uzinduzi huwaoni.

PRASA hiyohiyo inatupa pia mfano mchungu. Ilisaini mkataba wa randi bilioni 3.5 na kampuni ya nchini iitwayo Swifambo kwa vichwa vya treni 70 vya kutengenezwa Hispania. Mwaka 2015, vya kwanza vikiwa vimeshafika, magazeti yakaandika kuwa ni virefu kwenda juu kupita kiasi kwa njia zao. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliufuta mkataba, na rufaa ya mwaka uliofuata ikatupwa: mahakama iliona Swifambo ilikuwa kivuli tu cha mtengenezaji wa nje. Hapo ndipo uzawa wa karatasi unapoachana na maudhui ya ndani. Mwenye kampuni anaweza kuwa mzawa kabisa, na bado karibu fedha yote ikapanda ndege.

Wala asilimia nzuri haitoshi kama reli yenyewe imekufa. Wakati wa marufuku ya kutoka majumbani kwa ajili ya korona mwaka 2020, wezi walikata nyaya za umeme wa reli na kung'oa vifaa vya vituo kwa kiwango cha kutisha. Treni mpya zikawa zinatoka Dunnottar huku njia nyingi za kuzipitishia hazina umeme.

Kwetu, Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilinunua Korea Kusini vichwa 17 vya umeme na seti 10 za treni zisizohitaji kichwa cha kuzivuta, na tangu 2024 tunakwenda nazo Dodoma. Kwa seti 10 sioni kiwanda, na sitamlaumu aliyeagiza nje. Ila treni huishi miaka thelathini na zaidi, na muda wote huo inakula pedi za breki, vitambaa vya viti, vioo, vichujio na magurudumu. Oda hizo hazina sherehe ya kukata utepe, lakini zinarudi kila mwaka, na Morogoro kuna karakana ya reli yenye mafundi wake. Zabuni za vipuri hivyo ndizo ningependa kuona zimeandikiwa asilimia, pamoja na kanuni ya kuihesabu.