Baba Amebadilika Ghafla Safarini India? Usiseme "Ni Uchovu Tu"

Watu wengi wa kwetu wanaowapeleka baba zao India huanzia hospitali za Chennai, Delhi, Mumbai au Hyderabad. Wakishamaliza vipimo wanaunganisha na matembezi: Agra kuona Taj Mahal, ziara ya Ajmer, ndugu walioko Gujarat. Ni safari za heri. Lakini kazini napokea wazee waliorudi na figo zilizoumia, na nikiuliza mambo yalianzaje, naambiwa maneno yaleyale: "Alianza kupayuka jioni, tukadhani amechoka."

Swali: Baba ana miaka 74. Mchana alikuwa mzima, jioni hotelini akawa ananiita kwa jina la marehemu kaka yake na hajui tuko mji gani. Si ni uzee na uchovu wa safari?

Hapana. Uzee hauingii kwa jioni moja. Mzee aliyeamka na akili zake timamu, na jioni hazipo, ni mgonjwa, na anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Mara nyingi chanzo ni upungufu wa maji, joto, sukari kushuka, au maambukizi ya mkojo au mapafu. Mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa kali wala kikohozi kikubwa, dalili ya kwanza ikawa ni huko kuchanganyikiwa.

Wala si lazima apayuke. Mwingine anakuwa kimya, anasinzia mchana kutwa, ukimwamsha anafumba macho tena. Huyo ndiye familia humsifia: "Leo mzee ametulia." Hajatulia, anazidiwa.

Kama ana kisukari, pima sukari papo hapo. Mashine za India husoma kwa miligramu, si kwa milimoli kama nyingi za kwetu, kwa hiyo 110 isikutishe. Chini ya 70 ndiyo imeshuka. Akiwa anameza vizuri mpe soda ya sukari au juisi, glasi moja, pima tena baada ya dakika 15, na bado mpeleke hospitali. Uso ukipinda, mkono mmoja ukilegea au maneno yakikwama, hiyo ni dalili ya kiharusi: ondokeni dakika hiyo. Namba ya dharura India nzima ni 112, na majimbo mengi yana ambulensi kwa 108.

Swali: Tukimwacha alale kwanza, tukaangalia asubuhi?

Hapana. Asubuhi ndipo tunapopokea figo zilizokwisha kuumia. Amechanganyikiwa ghafla? Hospitali, leo.

Swali: Kwenye treni tunampunguzia maji ili asiamke kwenda chooni. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Hii tabia naomba ikome. Najua mabehewa yanayumba na vyoo vingine ni vya kuchuchumaa, na goti la mzee halikubali. Lakini Delhi hadi Chennai kwa treni ni safari inayopita siku nzima. Mtu mwenye miaka zaidi ya 70, anayemeza dawa za presha za kukojoza, akikaa muda wote huo na vikombe viwili vya chai, atafika akiwa amekauka. Na msimsubiri aseme ana kiu: kadiri mtu anavyozeeka, kiu huchelewa kuja.

Mpe kidogokidogo, nusu glasi kila saa akiwa macho, joto likizidi ongeza. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au hajakojoa tangu asubuhi, ameshachelewa kunywa. Kama daktari wake amempimia maji kwa sababu ya moyo au figo, fuateni kiwango hicho, na muulizeni kabla ya safari afanye nini kwenye joto. Tatizo la choo lina dawa zake: kitanda cha chini, behewa lenye choo cha kukaa, chupa ya kukojolea yenye mdomo mpana na shuka la kumsitiri. Baba ataona haya mara ya kwanza. Mtoto wa kiume, au mjukuu, amsaidie bila maneno mengi.

Swali: Joto la India si kama la Mombasa au Dar?

Si kama la kwetu. Kati ya Aprili na Juni, Delhi na Rajasthan hupita nyuzi 40, na kunavuma upepo mkavu wa moto unaokausha jasho kabla hujaliona. Matembezi yawe alfajiri. Mzee akiwa wa moto sana mwilini na maneno hayaeleweki, joto limempiga. Mtoe juani, mloweshe nguo, mpepee, weka barafu au vitambaa baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja karibu na kinena, huku gari la hospitali linatafutwa. Usimnyweshe maji kwa nguvu, atapaliwa. Panadol haisaidii hapo.

Swali: Ameharisha mara nne tangu jana. Tusubiri?

Anzeni chumvichumvi za maji, yaani ORS, mara moja. India ndiko Daktari Dilip Mahalanabis alikookoa nayo wakimbizi wengi wenye kipindupindu huko Bangaon mwaka 1971, na leo iko katika kila duka la dawa. Soma pakiti: kubwa ni ya lita moja, ndogo ni ya mililita 200. Ukizikosea unampa chumvi nyingi mno au maji matupu. Juisi za boksi zenye sukari si ORS.

Akiwa anameza dawa za kukojoza au metformini, ile dawa ya kisukari, pigeni simu kwa daktari wake siku hiyo kuuliza kama azisitishe. Akitapika kila anachokunywa, akitoa damu, au akianza kuchanganyikiwa, nimeshajibu: hospitali, leo.

Swali: Na chanjo ya homa ya manjano?

Anayetoka Kenya, Uganda au Congo hudaiwa cheti cha chanjo hiyo, na kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Kwa waliovuka miaka 60 ambao hawajawahi kuchanjwa, madhara makali ni adimu lakini hatari yake huongezeka, kwa hiyo mwone daktari wiki kadhaa kabla. Usimpeleke mzee kuchomwa sindano mbiombio wiki ya safari.

Swali: Akizidiwa treni ikiwa katikati ya safari?

Mwambie mkagua tiketi au piga 139, namba ya msaada ya reli, aitwe daktari kituo kinachofuata. Mkishauriwa kushuka, shukeni. Nasikia sana "tulikuwa tumeshalipia hadi mwisho." Tiketi hununuliwa tena. Mpe daktari orodha ya dawa kwa majina ya dawa zenyewe, si ya kampuni, mweleze saa ya mwisho baba alipokuwa na akili timamu, na mwambie mmetoka nchi yenye malaria ili naye apime. Homa ya huko inaweza pia kuwa dengi, homa ya mbu inayoweza kumtoa mtu damu, kwa hiyo msimpe diklofenaki, brufeni wala aspirini ya maumivu kabla ya vipimo. Kama anameza aspirini ya moyo kila siku, daktari ndiye aamue.